Kutoka Talaka za Mahakamani Hadi Usuluhishi: Mwongozo Kamili kwa Wakili wa Mtwara na Lindi

Mawakili wenzangu wa kanda hii hunipigia simu na lalamiko lile lile: "Nimejaribu usuluhishi, haufanyi kazi. Wale watu wametoka ofisini kwangu wamegombana kuliko walivyoingia." Nikiwauliza kikao walikiendeshaje, nakuta wamefanya nilichofanya mimi mara ya kwanza. Walivua joho, wakabaki na dodoso, yale maswali ya kumbana shahidi mahakamani.

Mwongozo huu ni wa wakili anayeweza kuandika hati ya madai ya talaka hata usingizini, na sasa anataka kukaa katikati ya mume na mke bila kuwa wa mmoja wao. Fuata hatua kwa mpangilio wake. Wengi wanaoanguka wanakuwa wameruka ya kwanza au ya nne.

## Andaa haya kabla hujamwita mtu

- Vyumba viwili. Kimoja cha kikao, kingine cha mtu kukaa peke yake akilia, au akampigia dada yake simu. Kama ofisi yako ni chumba kimoja juu ya duka, azima kingine kwa saa mbili.
- Viti vitatu vya aina moja. Kile chako cha ngozi kinachozunguka kitoe nje.
- Karatasi kubwa za kubandika ukutani na kalamu za wino mzito.
- Kikokotoo na kalenda ya ukutani.
- Fomu mbili ulizoandika mwenyewe: makubaliano ya kuingia kwenye usuluhishi, na orodha ya mali na madeni.
- Namba za simu za afisa ustawi wa jamii wa wilaya, Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, wasaidizi wa kisheria walio karibu, na mawakili wawili unaowaamini.
- Jagi la maji na vitafunio. Korosho usiweke. Niliwahi kuweka kisahani cha korosho za kukaanga, mke akachukua moja, akaigeuzageuza, akasema, "Hizi ndizo zilizotuleta hapa." Ilichukua dakika ishirini kikao kuanza.

Joho lako na picha ya siku ulipoapishwa viondoe ukutani. Mtu akiviona anajiandaa kushtakiwa.

## Hatua ya 1: Safisha majalada yako

Kaa na karani wako mpitie kila shauri la ndoa lililo mezani. Mume au mke uliyewahi kumwakilisha, au hata kumpa ushauri wa nusu saa, huwezi kumsuluhisha na mwenzake. Umeshasikia siri za upande mmoja. Hata ukijitahidi kuzisahau, yule wa pili hatakuamini, na ana haki.

Mtwara ni mji mdogo. Uliyemtetea kwenye kesi ya kiwanja Shangani miaka mitano iliyopita anaweza kuwa shemeji wa mwanamke aliyekaa mbele yako leo. Kwa hiyo weka daftari la majina: wateja, wenza wao, ndugu waliofika kutoa ushahidi. Likague kabla hujakubali miadi yoyote.

Mashauri yanayoendelea yamalize au yakabidhi kwa wakili mwenzako kwa maandishi. Usijaribu kuligeuza shauri lako mwenyewe kuwa usuluhishi katikati ya safari.

*Onyo:* usiweke mtu stendi au mahakamani wa kukuletea wanandoa kwa malipo. Maadili ya uwakili hayaruhusu, na vishoka wanatutosha.

*Utajua umefaulu* pale utakapokataa wanandoa wa kwanza kwa sababu ya daftari. Itauma. Mimi nilikataa watatu mfululizo kabla ya kupata ninaoweza kukaa nao.

## Hatua ya 2: Pata mafunzo na ithibati

Hapa sina maneno mengi. Kanuni za mwaka 2021 zimeweka utaratibu wa ithibati kwa wanaofanya maridhiano, majadiliano, usuluhishi na uamuzi, chini ya Wizara ya Katiba na Sheria. Omba. Uzoefu wa miaka kumi mahakamani hauchukui nafasi ya mafunzo, na kwa kazi hii huo uzoefu ndio unaotangulia kukuangusha.

Kwenye mafunzo, chagua yenye mazoezi ya kuigiza. Mihadhara utaielewa yote na haitakubadilisha.

## Hatua ya 3: Jua pale kazi yako inapoishia

Wewe huvunji ndoa. Anayevunja ni mahakama. Waambie wanandoa hivyo dakika ya kwanza, maana wengi hufika wakidhani wataondoka na "karatasi".

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 101, haimruhusu mtu kufungua shauri la talaka kabla mgogoro haujapelekwa kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, nalo likathibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Hati ya Baraza iwe haijazidi miezi sita siku shauri linapofunguliwa. Kuna hali chache zinazosamehewa, kama mwenza aliyetoweka asijulikane aliko, au aliyeitwa na Baraza akakataa kwa makusudi. Usuluhishi wako haumo kwenye orodha hiyo.

Ndani ya Baraza wakili haruhusiwi kumwakilisha mtu. Usiende hata "kusindikiza".

Mpangilio ninaoutumia ni huu: wanandoa waende Baraza kwanza, liwe la kata au la dini. Likishindwa na hati ikatoka, waje kwangu kwa mali, watoto na matunzo. Wakikubaliana, wanakwenda mahakamani na hati ya Baraza pamoja na makubaliano yao. Muda wa miezi sita unatosha vizuri, mradi usilegee.

Kwa ndoa ya Kiislamu, na huku kwetu ndizo nyingi, angalia tarehe ya talaka. Sheria inasema Baraza likishathibitisha kushindwa, na baada ya hapo mmoja akafanya tendo linalovunja ndoa kwa sheria ya Kiislamu, mahakama itaona ndoa imevunjika. Neno muhimu ni "baada". Waume wengi hutoa talaka kwa hasira kwanza, ndipo wakaenda Baraza. Ukikuta hali hiyo, iandike wazi na uwashauri wote wawili wapate ushauri kabla ya kufungua shauri.

Ndoa isiyotimiza miaka miwili inahitaji kibali cha mahakama kwanza. Na hata wakikubaliana kila kitu, hakimu lazima ajiridhishe kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Kukubaliana tu hakutoshi.

*Utajua umefaulu* kama kila mmoja anaweza kukueleza kwa maneno yake atatoka kwako na nini, na nini atakifuata mahakamani.

## Hatua ya 4: Msikilize kila mmoja peke yake kwanza

Kabla ya kuwaweka pamoja, kutana na kila mmoja kwa dakika arobaini, siku tofauti ikiwezekana. Usiwape miadi iliyofuatana, wakapishana ngazini.

Unatafuta jambo moja: je, huyu anaweza kusema "hapana" mbele ya mwenzake na akalala salama usiku huo? Usiulize "Je, unapigwa?" Uliza: "Mkitofautiana nyumbani, nini hutokea?" Kisha: "Ukirudi leo ukasema ulikuja hapa, itakuwaje?" Tazama mikono. Kuna mama aliyenijibu kila kitu vizuri, huku akikunja na kukunjua pindo la kanga hadi uzi ukachomoka. Sikumkutanisha na mumewe. Nilimpeleka Dawati la Jinsia na Watoto, na jambo lile likaenda njia yake.

*Onyo:* kipigo, vitisho, au mtoto aliyeumizwa si vya kusuluhishwa. Hata mhusika akisema amesamehe, hata ukoo ukikaa ukalipana. Simamisha, mpe namba za simu ulizoandaa, na usimweleze mwenzake sababu. Sema tu: "Shauri hili halifai kwa utaratibu wangu."

## Hatua ya 5: Kikao cha kwanza, au jinsi ya kuacha dodoso

Hapa napo mnaanguka, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Wanandoa wangu wa kwanza walitoka uwanda wa Makonde. Mke alileta daftari la shule lenye stakabadhi za chama cha msingi cha ushirika wanakouzia korosho, zimebandikwa kwa gundi ya ugali. Nikaipenda ile daftari kama wakili anavyopenda kielelezo. Nikamgeukia mume: "Si kweli kwamba msimu uliopita ulipokea malipo mara tatu na mwenzako hukumwambia hata moja?" Akanyamaza. Akachukua kofia yake magotini, akasimama: "Wakili, kumbe wewe ni wa mama huyu." Nikadhani angalau mke atafurahi. Mke akaniambia, "Mimi sikuja hapa ili aumbuke."

Dodoso ni swali ambalo jibu lake unalo tayari, nawe unataka mtu alitamke mbele ya hakimu. Hapa hakuna hakimu. Ukiuliza swali la hivyo, aliyeulizwa anakuchukulia wewe ndiye hakimu, na akikuona umeegemea upande anaondoka.

Badilisha hivi:

- Badala ya "Unakubali nyumba ilijengwa kwa fedha zake?" sema "Nyumba ile ilianzaje? Nianzieni kwenye kiwanja."
- Badala ya "Ulimwona kwa macho yako na huyo mwanamke?" sema "Habari hizo zilipokufikia, ulifanya nini?"
- Badala ya "Kwa nini hukutoa matunzo tangu Machi?" sema "Tangu Machi watoto wameishije? Nani alilipa nini?"

Mtu akimaliza kujibu, hesabu hadi kumi kimoyomoyo kabla hujasema neno. Mahakamani kimya ni hatari, wenzako watasimama kupinga. Hapa watu husema la maana kwenye sekunde ya saba.

Kisha rudia ulichosikia, kwa maneno yake, bila kupamba: "Mama Zuhura anasema palizi na kuokota alifanya yeye na watoto, na kinachomuuma ni kusikia bei ya mnada kwa jirani." Mgeukie mwingine: "Baba Zuhura, umesikia nini?" Si "una jibu gani". Umesikia nini.

Heshima iwe sawa kwa sawa. Kama unamwita mmoja "mzee", mwingine asiitwe kwa jina lake tupu. Kama umri wako unakudai shikamoo, wape wote wawili. Nimeona kikao kikiharibika mlangoni kwa sababu msuluhishi alimwamkia mume na mjomba, akampita mke kama fanicha.

Na lugha: wazee wa bara huhamia Kimakonde au Kimwera wanapokasirika. Kama huifahamu, kubalianeni mapema nani atafasiri. Usiruhusu sentensi ipite bila wewe kuielewa.

*Onyo:* saa nzima ya kwanza usitamke "kisheria". Ukishalitamka, mmoja ameshinda na mwingine ameanza kutafuta wakili. Sheria utaieleza baadaye, kwa wote kwa pamoja, maneno yale yale, ukiiandika ukutani.

*Zoezi:* kwa idhini yao, au kwenye igizo na wenzako, jirekodi nusu saa. Hesabu maswali yanayojibika kwa ndiyo au hapana. Mimi nilianza na arobaini na moja. Ukifika chini ya matano, umeanza kazi.

*Utajua umefaulu* pale watakapoacha kukutazama wewe na kuanza kutazamana, hata kama ni kwa hasira.

## Hatua ya 6: Mikorosho, nyumba na madeni

Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa, cha mgawanyo wa mali, unakijua: mchango wa kila mmoja, desturi za jamii yao, madeni yaliyowafaidi wote, mahitaji ya watoto, na baada ya hayo mahakama huelekea usawa. Unajua pia kwamba tangu shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, mwaka 1983, kazi ya nyumbani ni mchango. Kwenye kitabu ni rahisi. Shida ni kwamba mali kuu ya kanda hii imesimama ardhini na inazaa mara moja kwa mwaka.

Tenganisha mambo matatu ambayo watu huyaita kwa jina moja, "shamba".

*Ardhi.* Kwa familia nyingi za Wamakonde na Wamwera, ukoo huhesabiwa kwa mama, na shamba linaweza kuwa la ukoo wa mke, alilokabidhiwa na mjomba wake. Mume amepanda, hakupewa. Kwingine ni kinyume chake, na kwingine walinunua pamoja. Uliza: "Kabla yenu, nani alilima hapa?"

*Miti.* Nenda ukaihesabu pamoja nao. Usikubali idadi ya mdomoni. Kwa nafasi inayoshauriwa ya mita 12 kwa 12, ekari moja hubeba mikorosho kama 28. Mtu akikuambia ana 300 kwenye ekari nne, ama shamba limesongamana, ama ekari si nne. Tenga inayozaa, michanga, na mizee. Matembezi haya yana faida nyingine: chini ya mti watu hukumbuka nani alichimba shimo lipi, na sauti hushuka.

*Mapato.* Korosho hupelekwa chama cha msingi, zikapimwa, zikaenda ghala kuu, zikauzwa mnadani, na fedha ikaingia benki kwa jina la aliyesajiliwa. Mara nyingi aliyesajiliwa ni mume peke yake. Mwenye jina ndiye pia anayepokea pembejeo. Kwa hiyo ukigawa miti bila kugusa usajili, umempa mke miti inayomlipa mumewe. Andika nani ataenda kurekebisha usajili, lini, na nani atamsindikiza.

Gharama zibandikwe ukutani: salfa ya kuzuia ubwiri unga (ugonjwa wa mikorosho), palizi, kupulizia, kuokota, magunia. Kwa kila moja uliza nani alilipa na nani alifanya kwa mikono yake. Safu ya mikono ikijaa, sihitaji kumhubiria mume kuhusu mchango wa mke. Anaisoma mwenyewe.

Kugawa, njia iliyonifaa zaidi ni ya watoto: mmoja agawe mafungu mawili, mwenzake achague kwanza. Anayegawa atahesabu hadi mti wa mwisho. Ardhi ikiwa ya ukoo na haigawiki, mpeni aliyepanda mavuno ya misimu kadhaa, au mumfidie kwa kiasi na tarehe.

*Onyo:* kama kuna mke mwingine, orodhesha kilichochumwa na nani, na lini. Usigawe jasho la mtu asiyekuwepo chumbani.

## Hatua ya 7: Mjomba

Wakili wa mahakamani huona ndugu kama mashahidi au kero. Huku, mjomba wa mke akisema "hapana" nyumbani, makubaliano yako ni karatasi ya kufungia vitumbua.

Lakini usimwingize kikao cha kwanza. Akikaa, wanandoa wanaongea naye, hawaongei wenyewe kwa wenyewe. Waulize wote wawili kwenye kikao cha faragha: "Nani akikataa, jambo hili halitasimama?" Watakutajia mtu mmoja au wawili. Hao waalikwe mara moja, mwishoni kabla ya kusaini, kila upande idadi sawa. Wanandoa ndio wawaeleze walichokubaliana, wewe ukae kimya. Mjomba akiuliza, wajibu wao.

Mara nyingi atataka kubadilisha jambo dogo ili mkono wake uonekane. Mwachie, kama halimuumizi mtu.

## Hatua ya 8: Watoto

Zungumza ratiba, usizungumze "umiliki". Nani anawaamsha, nani analipa michango ya shule, likizo wako wapi, simu saa ngapi. Sheria inadhania kwamba mtoto chini ya miaka saba afaa kuwa na mama yake, ingawa dhana hiyo inaweza kupingwa, na mahakama haifungwi na makubaliano yasiyo na maslahi kwa mtoto. Mtoto asiitwe kikaoni kuchagua.

## Hatua ya 9: Andika, waache walale nayo, ndipo wasaini

Andika kwa Kiswahili cha kuongea. Kipimo changu: msomee karani wako mara moja, kisha mwulize nani analipa nini lini. Akikosea, andika upya.

Usiandike "Mume atampa mke sehemu ya mapato ya korosho." Andika: "Ndani ya siku 7 tangu malipo ya kila mnada kuingia kwenye akaunti yake, Baba Zuhura atamtumia Mama Zuhura kwa simu theluthi moja ya kiasi kilichobaki baada ya gharama zilizo kwenye Jedwali A. Atamtumia pia picha ya ujumbe wa benki siku hiyo hiyo."

Wape nakala waondoke nayo kwa siku saba. Kila mmoja amwonyeshe wakili wake au msaidizi wa kisheria, na awe mtu tofauti. Saini ya papo hapo, wakiwa wamechoka na machozi hayajakauka, ndiyo inayorudi mahakamani kukataliwa.

Yaliyosemwa chumbani yabaki siri, na hilo liwe kwenye fomu ya kwanza waliyosaini. Usikubali kuwa shahidi wa yeyote baadaye.

Kama shauri liko mahakamani tayari, angalia saa: Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai inatoa siku 30 za usuluhishi tangu kikao cha kwanza.

## Hatua ya 10: Ada, kisha simu ya Oktoba

Toza kwa kikao. Walipe wote wawili, hata kama ni kwa viwango tofauti walivyokubaliana wao. Akilipa mmoja, wewe ni wake. Asilimia ya mali usichukue kamwe. Utapungukiwa mwaka wa kwanza, maana shauri la talaka lililoahirishwa mara kumi hulipa kuliko vikao vinne. Mimi nilibaki na kazi za ardhi na mirathi kuziba pengo.

Kisha fungua kalenda ya ukutani. Wengine hupanga ufuatiliaji baada ya miezi mitatu. Mimi napanga baada ya malipo ya kwanza ya korosho, kwa kuwa minada huanza Oktoba, na makubaliano huonekana kama yana uzima siku fedha inapoingia. Nawapigia wote wawili siku hiyo hiyo na swali moja: "Fedha imeingia, mmefanyaje?" Anayeanza jibu kwa "huyu mwenzangu bwana..." namwekea kikao cha saa moja, pamoja na mwenzake, kabla ya mnada wa pili.